Kiwanda Kilipozimwa, Nami Nikamkataa Bakari

Alhamisi, baada ya magharibi.

Joto la leo lachosha. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Nimefungua madirisha yote mawili ya chumba changu lakini upepo hauingii, zaingia sauti za watu tu. Chini njiani wanaume wawili wabishana juu ya bei ya petroli, kama walivyobishana jana. Nimewasikiliza kidogo, kisha nikarudi nyuma ya pazia. Naogopa wasije wakalitaja jina la baba yangu.

Naona haya. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikitafuta neno jingine, sikulipata.

Tangu Jumapili mtaa mzima wamlaumu baba kwa jambo nililolifanya mimi.

Bakari alikuwa mchumba wangu. Nilimjua kwa sababu ya kazi. Mimi ni karani katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, naye alikuwa fundi wa matanuri katika kiwanda cha kusafisha mafuta, ng'ambo ya Makupa. Siku moja mwaka jana walimtuma ofisini kwetu afuatilie kasha la vyuma lililokwama bandarini. Alikaa kwenye benchi asubuhi nzima, hakununa, hakutukana mtu. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Dada, kasha hili likitoka leo nitasikitika, maana sitakuwa na sababu ya kurudi kesho." Nilicheka mbele ya wenzangu, nami si mtu wa kucheka ofisini.

Alipoleta wazee wake kuposa, baadhi ya jamaa zetu walikunja nyuso. Watu wa Mji wa Kale wana kuuliza kwao: huyu ni wa nani, katoka wapi? Bakari ni Mdigo wa upande wa Kwale, baba yake alikufa zamani, na anakaa na mama yake kwenye nyumba za baraza la mji pale Buxton. Lakini baba aliwakata maneno. "Kijana ana dini, ana adabu, na ana kazi," alisema. "La ukoo waachieni wasio na la kufanya."

Ana kazi. Nalikumbuka neno hilo sasa.

Bakari aliipenda kazi yake kupita kiasi. Alinieleza jinsi mafuta machafu yanavyoingia meusi kama lami, yakachemshwa, yakapanda juu na kugawanyika: petroli hapa, dizeli pale, mafuta ya taa kule. Alisema ukikaa na tanuri miaka saba unalijua likiwa na njaa kabla ya kuangalia mishale ya vipimo. Usiku, kutoka paa la nyumba yetu, mwanga wa moto uwakao juu ya bomba refu la kiwanda ulionekana upande wa magharibi. Nilikuwa nikiuangalia nikianika nguo, najua yuko pale zamu ya usiku.

Kisha kiwanda kikazimwa. Wafanyakazi waliambiwa ni matengenezo, waende majumbani, wataitwa. Petroli ilikuwa imeshaanza kupanda tangu serikali ilipoachilia bei, kila mwenye stesheni ajiandikia yake, na sasa ikapanda bila breki. Yakapanda mafuta ya taa, yakafuata makaa, mkate, mboga. Baba ana pikapu anayobebea mizigo ya wenye maduka kutoka bandarini. Aliiegesha nyuma ya nyumba akaifunika turubai. Asubuhi alikuwa akitoka, anaitazama, kisha anakwenda zake kwa miguu.

Siku moja bosi wangu alikuwa akizungumza kwenye simu, mlango wake u wazi. Ni mtu wa sauti kubwa hata akinong'ona. Alimwambia mwenzake kwamba meli zitakazokuja zitaleta petroli iliyokwisha kusafishwa, tayari kwa kuuzwa, na kwamba matanuri ya kule ng'ambo hayatawashwa tena. "Wale waliopelekwa likizo hawarudi," alisema. "Lakini hawajaambiwa bado."

Niliyasikia hayo nikaendelea kupiga taipu.

Nilipofika nyumbani niliyasema mezani, kabla hata ya mama kumaliza kupakua. Leo najiuliza kwa nini niliharakisha vile. Nadhani nilitaka kuonekana mtu wa ofisi, anayejua mambo kabla ya redio. Baba alirudisha tonge sahanini. "Una hakika?"

"Bosi mwenyewe kasema, baba."

Hakuna aliyeniuliza kama nimemwambia Bakari. Nami sikujiuliza.

Siku chache baadaye Bakari alinipigia simu ofisini kutoka kibanda cha simu. Alikuwa na furaha. Alisema msimamizi wao amewahakikishia kuwa wataitwa karibuni, wasiende mbali. Nikasema, "Inshallah." Bosi alikuwa amesimama karibu yangu, ndiyo, lakini hata asingekuwapo, sidhani ningesema neno jingine. Neno la Mungu nililitumia kama kifuniko cha sufuria.

Jumapili baba aliniita chumbani kwake. Mama alikuwa amekaa kitandani akikunja leso. Baba hakuzunguka.

"Zuhura, mimi sina kisa na Bakari. Umetuletea habari ya kiwanda, nimeipima, na sikufichi kwamba imenitia hofu. Lakini mwenye kuolewa ni wewe. Nakuuliza wewe. Wamtaka, humtaka? Ukisema wamtaka, tutakula tutakachokula sote."

Niliangalia mkeka.

Mama akasema, "Kanyamaza. Basi karidhia."

"Karidhia nini?" baba akamgeukia. "Nimemuuliza mambo mawili."

Akarudia kuniuliza, polepole, kama mtu anayemshika mtoto mkono kuvuka njia. Na katika muda ule mimi nilikuwa namfikiria khalati, dada yake mama. Alikuwa mzuri, watu wasema harusi yake ilizungumzwa mwaka mzima. Mumewe alipopoteza kazi bandarini walianza kuhama, nyumba baada ya nyumba, kila moja ndogo kuliko iliyopita. Sasa huja kwetu kwa mlango wa nyuma kuomba sukari, na leso yake huinuka kufunika mdomo anapozungumza, kwa sababu ya meno. Niliiona leso ile. Nikajiona mimi ndani yake.

Nikasema, "Baba, fanya uonavyo wewe."

Mtu yeyote wa mji huu akiyasikia maneno hayo atasema: mtoto mtiifu. Hayakuwa utiifu. Nilikuwa nimeshaamua, nikatafuta mkono wa mtu mwingine wa kufanyia.

Baba akasema, "Vyema," akavaa kofia yake, akamchukua ami, ndugu yake, wakaenda Buxton kulirudisha sanduku la vitu vya posa alivyoleta Bakari. Ami amenisimulia kwamba baba hakutoa sababu wala hakunitaja. Alisema tu, "Nimebadili shauri. Mnisamehe." Watu wakaijaza sababu wenyewe. Kufika jioni barazani ilikuwa inasemwa kwamba mzee kamvunjia posa kijana kwa kuwa kasimamishwa kazi, kwamba ni mtu wa kutazama mfuko, kwamba ujamaa wake na watu wasio wa Mji wa Kale ulikuwa wa maneno tu. Mzee mmoja anayekunywa naye kahawa miaka yote aliinuka baba alipokuja kuketi. Akaacha kikombe chake kimejaa.

Baba hakujitetea kwa yeyote. Nami nilipita mbele ya baraza ile na buibui langu, asubuhi na jioni, watu wakiniangalia kwa huruma.

Huruma ile niliipokea.

Leo nilipotoka kazini nilipitia Marikiti kununua nazi. Nilikuwa nachagua, nikasikia mkono begani. Ni Bi Mwanasha, mama yake Bakari. Nilidhani atanisema mbele ya watu, na nilijua ninastahili. Nikainama, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanivuta kifuani kwake. "Umekonda. Usijitese. Twajua si wewe. Wazee wana mambo yao, na sisi wanawake tufanyeje?"

Nikalia. Begani kwake, katikati ya soko, nililia kwa kwikwi kama mtu aliyedhulumiwa. Alinipangusa kwa ncha ya leso yake. Kisha akachukua ndizi alizokuwa amejinunulia akazitia kwenye kikapu changu. Nilikataa, akaniambia, "Chukua, mimi bado ni mamako." Mwanawe hana kazi, nami ndiye niliyeondoka na ndizi zake.

Nilifika pembeni mwa soko nikasimama. Kikapu kilikuwa kizito kuliko nazi mbili na chane ya ndizi. Nikageuka, Bi Mwanasha alikuwa ameshakwenda. Basi nikaifuata njia ya Buxton, natembea upesi nisije nikapata nafasi ya kufikiri.

Nilimkuta uwanjani nyuma ya nyumba, amechutama, anapepea jiko la makaa kwa kipande cha boksi. Jiko lake la mafuta ya taa lilikuwa limewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kavu, limefunikwa kitambaa. Aliponiona alicheka. "Umezirudisha ndizi?"

Sikuketi. Nilijua nikiketi nitakunywa chai na kuondoka. Nikamwambia nikiwa nimesimama: kwamba baba aliniuliza, kwamba aliniuliza mara mbili, kwamba alisema nikimtaka Bakari tutakula sote tutakachokula, na kwamba mimi ndiye niliyekataa kwa kuogopa umaskini, kisha nikamwachia baba lawama. Nilimwambia na la khalati. Sijui kwa nini. Labda bado nilikuwa natafuta huruma.

Bi Mwanasha aliacha kupepea. Moshi ulimjia usoni hakuukwepa.

"Kukataa si dhambi," akasema mwishowe. "Msichana akikataa kakataa, na umaskini si kitu cha mtu kukimbilia. Hata mimi niliuogopa. Lakini ungesema wewe, Zuhura. Nimemsema vibaya baba yako kwa majirani. Leo hii asubuhi nimemsema."

Ningali nimesimama pale, Bakari akaingia.

Sikumtambua mara moja. Alikuwa mweupe, nywele, nyusi, mikono, vumbi la saruji mwili mzima. Mama yake akaninong'oneza kwamba wiki hii amekuwa akienda gatini Mbaraki kubeba magunia. Yule aliyekuwa akijua tanuri likiwa na njaa. Aliponiona alirudi hatua nyuma, akajipangusa uso kwa mkono ambao nao ulikuwa mweupe, akazidi kujipaka.

"Zuhura. Umenikuta katika hali gani," akasema, na alikuwa anatabasamu. Yeye ndiye alikuwa anaona haya. Yeye, mbele yangu.

Aliniuliza nyumbani hawajambo. Akasema nimsalimie baba, hana kinyongo naye, mtu mwenye binti lazima aangalie mbele. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akaendelea kwa sauti ya chini, kwa haraka, kama aliyekuwa amelipanga jambo hilo siku nyingi.

"Hii ya magunia ni ya kupitisha siku tu. Mwezi ujao watatuita. Wakituita, nitamtuma mjomba azungumze tena na baba yako. Huenda akabadili shauri. Wewe ningoje mpaka hapo tu."

Mama yake aliniangalia. Alidhani najua la kusema, kwa kuwa nilikuwa nimeshalisema kwake. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata kwake sikulisema. Wallahi sikulificha, sikulikumbuka. Nilikuwa nimeshughulika na moyo wangu, na haya zangu, na baba yangu, nikasahau kwamba watu wale wanangoja.

"Hawatawaita," nikasema.

"Nani?"

"Kiwanda. Hakiwashwi tena. Wataleta petroli iliyokwisha kusafishwa. Nilimsikia bosi wangu."

Tabasamu halikumtoka mara moja. Lilibaki usoni kwake kidogo, halina kazi. "Ulimsikia lini?"

"Kitambo."

"Nilipokupigia simu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia inshallah."

Nikaitikia kwa kichwa.

Aliketi juu ya kizingiti. Akaniambia, taratibu, bila ukali, kwamba kulikuwa na kandarasi Tanga. Mtu aliyemfahamu zamani alitaka mafundi wa matanuri, yeye na wenzake wanne, kazi ya mwaka mzima. Walikaa chini ya ukuta wa kiwanda wakashauriana, wakasema wasije wakaitwa wako mbali, wakapoteza nafasi zao za miaka yote. Wakakataa. Wiki iliyopita nafasi zile zimechukuliwa na wengine.

"Mmoja wetu kauza cherehani ya mkewe apate cha kungojea," akasema.

Nilitaka kumwambia na lile jingine, kwamba ni mimi niliyemkataa. Nikaanza. Aliinua mkono. "Hilo nimeshaelewa," akasema. "Usingekuwa umenikataa, ungeniambia."

Akasimama. Mama yake akamwambia anawe kwanza, ale kwanza, uji uko tayari. Hakunawa wala hakula. Alisema anakwenda kuwaambia wenzake kabla hawajauza kingine. Alitoka na vumbi lake mwilini, akapita karibu yangu kiasi cha kunigusa, wala hakunigusa.

Bi Mwanasha alirudi kwenye jiko lake. Hakunifukuza. Aliniambia tu, "Nenda nyumbani mwanangu, jua lazama." Na neno lile "mwanangu" alilisema kama mtu anavyolisema kwa mtoto yeyote wa njiani.

Nilikuwa nimekwenda kukiri habari za moyo. Nilidhani hilo ndilo kosa kubwa, kumbe waliumizwa na jambo ambalo mimi sikulihesabu.

Nilipofika, baba alikuwa chini ukumbini, peke yake, taa haijawashwa. Siku hizi haendi barazani. Akaniuliza nimetoka wapi kuchelewa vile.

"Buxton."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia kweli. Kwamba uliniuliza, nami nikakataa."

"Na la kiwanda?"

Nilishangaa kwamba aliliuliza. "Na la kiwanda pia."

Akafumba macho. "Nilikwenda kwao Jumapili na habari hiyo kifuani," akasema. "Kijana mwenyewe ndiye aliyenitilia maji ya kunawa. Ningesema neno moja tu. Nikafikiri, nikisema, itajulikana imetoka ofisini kwako, nawe ndiye mwenye mshahara katika nyumba hii sasa. Nikarudi nayo." Akavuta pumzi. "Watu wanilaumu kwa la posa. Kwa hilo sikujali, maana halikuwa langu. Lakini niliona wananilaumu kwa haki, hata kama wao hawajui kwa lipi."

Sijawahi kumsikia baba akizungumza nami hivyo. Nilitamani angenigombeza. Nilikaa karibu naye gizani mpaka mama akaja kuwasha taa, akatuuliza kuna nini, na sote wawili tukasema hakuna.

Nimepanda juu kuandika haya.

Sijui kama nilimpenda Bakari. Zamani ningejibu upesi. Leo naona mtu akimpenda mtu, habari kama ile ingemtoka yenyewe, hata bosi akiwa amesimama juu ya kichwa chake. Na kama sikumpenda, mbona nimeziacha ndizi mezani, sithubutu hata kuzigusa?

Wale mafundi wataambizana usiku huu. Kesho watakwenda kwenye lango la kiwanda kuuliza, na wana haki. Wakubwa wa kule watapiga simu, na simu itafika ofisini kwetu. Bosi atatuita tuliosikia, atauliza ni nani aliyetoa maneno nje. Makarani tuko watatu. Mmoja ni mjane, mwingine ndio kwanza kaajiriwa na bado anagonga mlango kabla ya kuingia hata pasipo na mlango. Wataapa kuwa si wao, na hawataaminiwa.

Nimeshapiga pasi nguo. Nitatoka mapema kuliko kawaida, kabla baba hajaamka kunizuia. Bosi hufika wa kwanza kufungua.

Nitamngoja pale mlangoni, nimwambie kabla hajapata wa kumshuku.